Kutoka Nyuzi za Chuma hadi za Nailoni: Mwongozo Kamili wa Kuchagua Gitaa la Krosova

Mpigaji aliyezoea gitaa la nyuzi za chuma anaposhika gitaa la klasiki kwa mara ya kwanza, mara nyingi huipenda sauti na kuichukia shingo. Shingo hiyo ni pana, ubao wa vidole ni bapa kabisa, na mwili wa gitaa unaanzia freti ya kumi na mbili (freti ni vile vijiti vya chuma vilivyopangwa kukata ubao wa vidole), kwa hiyo freti za juu alizozizoea zinakuwa mbali na mkono wake. Gitaa la krosova limetengenezwa kwa ajili ya mtu huyu: ni gitaa la nyuzi za nailoni lililopewa shingo inayokaribia ile ya gitaa la chuma, na kwa kawaida limefungwa kiwandani pikapu, kifaa kinachogeuza mtikisiko wa nyuzi kuwa umeme ili gitaa lisikike kwenye spika.

Mwongozo huu unawalenga wapigaji walioko Uganda ambao tayari wanalimudu gitaa la chuma, iwe ni katika kwaya ya kanisa, katika sherehe za kwanjula (utambulisho wa mchumba nyumbani kwa wazazi wa bibi harusi) na harusi, katika hoteli za Kampala, Entebbe na Jinja, au nyumbani tu kwa mtindo wa kadongo kamu, ule wa Uganda wa mwimbaji na gitaa moja. Msimamo wangu niuseme mapema ili msomaji aupime anapoendelea: katika krosova, shingo ndiyo inayopaswa kuamua kwanza, mfumo wa umeme unafuata, na aina ya mbao pamoja na jina la kampuni huja nyuma sana. Wanunuzi wengi huanzia mwisho wa orodha hii, ndiyo maana magitaa mazuri huishia kuning'inia ukutani.

Kinachobadilika unapoacha chuma

Seti ya kawaida ya nyuzi za chuma, ile ambayo uzi wake wa kwanza una unene wa inchi 0.012, hulivuta gitaa kwa nguvu ya zaidi ya kilo 70 inapokuwa imesawazishwa. Seti ya nailoni ya mvuto wa kawaida huvuta kwa takriban kilo 38 hadi 40. Kwa kuwa mvuto ni mdogo hivyo, ubao wa juu wa gitaa la nailoni hufanywa mwembamba zaidi, na vijiti vinavyouimarisha kwa ndani hupangwa kama vidole vilivyotanuliwa, kwa utaratibu uliokomazwa na fundi wa Kihispania Antonio de Torres katika karne ya 19, wakati gitaa la chuma huimarishwa kwa vijiti vinavyopishana katika umbo la X. Ndiyo sababu hairuhusiwi kabisa kuweka nyuzi za chuma kwenye gitaa la nailoni, hata kwa siku moja, hata kama duka la jirani halina nyuzi nyingine. Ubao wa juu utavimba, na daraja, yaani kipande cha mbao kwenye ubao wa juu ambako nyuzi hufungwa, ambalo limeshikiliwa na gundi peke yake, litang'oka.

Tofauti ya pili ni unene. Uzi wa kwanza wa nailoni una kipenyo cha milimita 0.7 hivi, zaidi ya mara mbili ya ule wa chuma, na uzi wa tatu unafika milimita moja. Uzi mnene usiovutwa sana hutikisika kwa upana mkubwa, kwa hiyo unahitaji nafasi zaidi kutoka kwa jirani yake na kimo kikubwa zaidi juu ya freti. Upana wa shingo ya klasiki, basi, una sababu, na yeyote anayeipunguza anabadilishana kitu na kitu. Jambo hili ni muhimu kulikumbuka wakati muuzaji anapokueleza kuwa shingo nyembamba ni bora tu bila kueleza gharama yake.

Kwa msikilizaji wa Uganda sauti yenyewe si ngeni. Adungu, kinubi cha Waalur ambacho sasa kimeenea katika shule na makanisa ya nchi nzima, siku hizi hufungwa nyuzi za nailoni, na mlio wake una mviringo uleule. Anayepiga pamoja na adungu atagundua kwamba gitaa la nailoni hukaa nayo vizuri, wakati gitaa la chuma, kwa ukali wa mlio wake wa mwanzo, huelekea kuifunika.

Hatua ya kwanza: amua utapigia wapi

Swali hili linaonekana dogo lakini ndilo linalokata nusu ya magitaa kwenye orodha yako. Ukipiga mara nyingi chini ya hema la kwanjula, katikati ya spika, kinanda na msemaji mwenye maikrofoni, gitaa lako litasikika kupitia umeme tu, na sauti yake ya asili haitakuwa na kazi kubwa. Hapo krosova yenye mwili mwembamba ina faida ya wazi, kwa sababu mwili mwembamba hautikisiki sana mbele ya spika na hivyo haupigi mluzi kirahisi. Ukipiga sebuleni, darasani au katika kanisa dogo lisilo na mitambo, mwili huohuo mwembamba utakusikitisha, maana besi yake itakuwa haba, na itakubidi utafute krosova yenye mwili wa kina kamili au ufikirie gitaa la klasiki lenyewe.

Kundi la tatu ni la wale wanaotaka kujifunza muziki wa klasiki kwa mwalimu na pengine kufanya mitihani. Hao nawashauri waiache krosova na kununua gitaa la klasiki la milimita 52, kisha wavumilie wiki za mwanzo. Mbinu za mkono wa kulia katika muziki ule zimejengwa juu ya nafasi pana, na kuzijifunza kwenye shingo iliyobanwa ni kujipa kazi mara mbili.

Hatua ya pili: pima gitaa ulilo nalo

Kabla hujalinganisha chochote, chukua rula yenye milimita na upime gitaa lako la chuma. Pima upana wa kizingiti, kile kipande cha mfupa au plastiki kinachopokea nyuzi pale kichwa kinapokutana na shingo. Kwa magitaa mengi ya chuma utapata kati ya milimita 43 na 44.5. Pima umbali kutoka uzi wa kwanza hadi wa sita pale darajani, ambao kwa kawaida ni milimita 54 au 55. Pima kimo cha uzi wa sita juu ya freti ya kumi na mbili, kisha hesabu ni freti ya ngapi inayokutana na mwili. Andika namba hizi zote kwenye simu, kwa sababu dukani utazihitaji na kumbukumbu ya vidole hudanganya.

Linganisha na gitaa la klasiki: kizingiti cha milimita 52, nafasi ya darajani ya milimita 58 hivi, kimo cha karibu milimita 4 upande wa besi na 3 upande wa nyuzi nyembamba, mwili unaoanzia freti ya kumi na mbili. Urefu wa uzi kutoka kizingiti hadi darajani ni milimita 650 kwa klasiki nyingi, na kwa kuwa magitaa mengi makubwa ya chuma yana milimita 645 hadi 648, hapo hutahisi tofauti yoyote.

Hatua ya tatu: chagua shingo

Krosova nyingi zina kizingiti kati ya milimita 46 na 50, na milimita 48 ndiyo imekuwa kama kipimo cha kati cha soko. Tofauti ya milimita mbili huonekana kama mzaha kwenye karatasi. Mkononi haina mzaha. Kwenye milimita 46, mpigaji wa chuma hujisikia nyumbani mara moja, lakini nyuzi nene za nailoni zinasongamana, na kidole kinachobonyeza uzi wa pili kwa ncha nene hugusa na kuzima uzi wa kwanza. Kwenye milimita 50, nyuzi zinapumua na mkono wa kulia unafurahi, ila kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya kubana nyuzi zote kwa kidole cha shahada huanza kuchosha. Anayepiga zaidi kwa kipigio (kile kipande kidogo cha plastiki cha kukwanyua nyuzi) na kodi kamili aelekee 46 au 48, na anayepiga kwa vidole aelekee 48 au 50.

Hapa ipo hali ya kwetu ambayo vitabu vingi vya gitaa haviizungumzii. Wapigaji wengi wa Afrika Mashariki na Kongo hupiga kwa vidole viwili, gumba na cha shahada, gumba likishika besi na kidole cha shahada kikichora wimbo juu yake, kama alivyofanya Jean-Bosco Mwenda wa Katanga katika rekodi zake za mwanzo wa miaka ya 1950. Mbinu hii haihitaji nafasi pana kati ya nyuzi kama mbinu ya vidole vinne inavyohitaji, kwa hiyo mpigaji wa namna hii anaweza kukubali shingo ya milimita 48 bila kupoteza chochote, hata kama muuzaji anamwambia kwamba upigaji wa vidole unataka 50 au 52. Kwa upande mwingine, gumba lake huvuka haraka kutoka uzi wa sita hadi wa nne, na ikiwa nafasi ya darajani imebanwa mno litakuwa linajikwaa. Pima nafasi ya darajani pia, usitosheke na kizingiti, maana wapo watengenezaji wanaobana upande mmoja na kuacha upande wa pili ulivyokuwa.

Baada ya upana, angalia mviringo wa ubao wa vidole. Ubao wa gitaa la chuma umevimba kidogo katikati, na mviringo huo ndio unaorahisisha kubana nyuzi zote. Ubao wa klasiki ni bapa. Krosova nzuri ina uvimbe mdogo, mdogo kuliko wa gitaa la chuma, na kwa maoni yangu jambo hili lina uzito sawa na upana wenyewe: shingo ya milimita 50 yenye uvimbe inaweza kuwa rahisi kuliko ya 48 iliyo bapa. Uangalie kwa kulaza ukingo wa rula kwa upande juu ya freti, chini ya nyuzi, na kutazama kama kuna mwanga pembezoni.

Jambo la tatu ni mahali shingo inapokutana na mwili. Ikikutana kwenye freti ya kumi na nne, na mwili ukiwa umekatwa bega moja, utafika freti za juu kama ulivyozoea. Gharama yake ni kwamba daraja husogea kuelekea kiuno cha gitaa, mahali ambapo ubao wa juu hautikisiki kwa uhuru uleule, na sauti ya asili hupungua kina. Mpigaji wa sebene, ile sehemu ya gitaa ya kuchezea dansi ya Kikongo, anayeishi juu ya freti ya kumi atalipa gharama hiyo bila kinyongo. Anayesindikiza nyimbo kwa kodi za freti tano za kwanza haoni sababu ya kuilipa, na kwake gitaa la freti kumi na mbili lina sauti bora zaidi kwa bei ileile.

Mwisho, hakikisha shingo ina fimbo ya chuma ya kurekebisha ndani yake. Klasiki nyingi hazina, lakini krosova nyingi zinayo, na katika nchi ambayo gitaa linasafiri kutoka unyevu wa ukingo wa Ziwa Viktoria hadi ukavu wa Karamoja, ni msaada usiopaswa kuachwa.

Hatua ya nne: mwili na mbao

Hapa nitapita haraka. Ubao wa juu wa mseda (mwerezi) hutoa sauti yenye joto na hufunguka mapema, wa spruce (mti wa jamii ya misonobari) hutoa sauti yenye mwangaza zaidi na huvumilia mkono mzito. Mseda ni laini na hukwaruzika kwa kucha na kipigio, na magitaa ya nailoni kwa kawaida hayana kile kipande cha plastiki kinacholinda ubao. Ubao wa juu ukiwa wa mbao nzima ni bora kuliko wa matabaka yaliyogandishwa. Pande na mgongo wa matabaka, hata hivyo, si aibu hata kidogo: hustahimili joto la basi, mvua ya ghafla na mabadiliko ya unyevu kuliko mbao nzima, na kwa gitaa litakalosikika kupitia spika hutaona hasara. Pesa ya tofauti hiyo ni afadhali iende kwenye kasha gumu.

Hatua ya tano: mfumo wa umeme

Mpigaji wa chuma huenda ana pikapu ya sumaku anayoibana kwenye tundu la sauti. Pikapu hiyo haitafanya kazi kwenye nailoni. Sumaku huhitaji chuma kinachotikisika mbele yake, lakini nyuzi tatu nyembamba za seti hii ni nailoni tupu, na zile tatu za besi zimezungushiwa shaba iliyopakwa fedha, ambayo sumaku haiitambui. Kwa hiyo karibu krosova zote hutumia pikapu ya pizo, ukanda mwembamba uliolazwa chini ya kile kijiti cheupe cha darajani, ambao hugeuza mgandamizo wa nyuzi kuwa umeme. Baadhi huongeza maikrofoni ndogo au kihisio kilichobandikwa ndani ya ubao wa juu, na mpigaji huchanganya sauti hizo mbili.

Unapojaribu mfumo huu, uliza betri yake ni ya aina gani na inaingilia wapi. Betri inayotoka kwa kufungua kifuniko pembeni ni rahisi, lakini ile inayohitaji kulegeza nyuzi zote na kuingiza mkono ndani ya tundu itakuangusha siku ya harusi. Kumbuka pia kwamba katika magitaa mengi, kuchomeka waya ndiko kunakowasha umeme, kwa hiyo ukiuacha umechomekwa usiku kucha betri itaisha.

Kisha piga kila uzi peke yake kupitia amplifaya, kwa nguvu ileile, na usikilize kama kuna mmoja unaojificha. Kijiti cha darajani kisipokaa sawasawa juu ya pizo, uzi mmoja au miwili husikika hafifu, na ingawa fundi anaweza kurekebisha, ni hoja halali ya kuomba bei ipunguzwe. Pandisha sauti polepole ukiwa umeelekea spika hadi mluzi uanze, na uone kama kuna kitufe cha kugeuza awamu au cha kupunguza masafa fulani kinachouondoa. Sauti ya pizo huelekea kuwa kavu na ya kukwaruza katika masafa ya kati ya juu; ukiyapunguza kidogo kwenye mikisa, utapata sauti yenye utu zaidi. Mafundi mitambo wengi wa sherehe huongeza masafa hayohayo ili gitaa lisikike, kwa hiyo zungumza na fundi wako kabla wageni hawajaketi.

Hatua ya sita: majina utakayokutana nayo

Krosova ina ukoo mrefu kuliko watu wanavyodhani. Gibson ilitoa gitaa la nailoni la umeme lenye jina la mpigaji wa Kimarekani Chet Atkins mwaka 1982, na Godin wa Kanada wakaendeleza wazo hilo kwa mfululizo wa Multiac, wenye mwili uliochimbwa vyumba ndani na sauti ndogo sana bila umeme. Hayo ni magitaa ya jukwaani, na bei yake ni ya jukwaani.

Kwa wengi wetu mlango wa kuingilia ni Yamaha, na hapa uwe mwangalifu na herufi. Mfululizo wa NTX ndio krosova: kizingiti cha milimita 48, freti kumi na nne nje ya mwili, mwili mwembamba. Mfululizo wa NCX, unaofanana nao kwa macho, una shingo ya klasiki ya milimita 52 na freti kumi na mbili. Cordoba wametengeneza Fusion 12 na Fusion 14, zote za milimita 48, zikitofautiana katika freti inayokutana na mwili, na GK Studio ya milimita 50 yenye mwelekeo wa flamenko. Ibanez wana AEG za nailoni zenye shingo ya milimita 46, ambazo kwa mkono wa mtu wa chuma ndizo za karibu zaidi na alikotoka. Taylor hutumia karibu milimita 47.6 na ubao wenye uvimbe, kwa ufundi wa hali ya juu na bei inayolingana nao. Kama unapiga sherehe kila wiki na bajeti yako ni ya kawaida, ningeanza kutafuta NTX, na sababu yangu kubwa ni kwamba ni gitaa linalopatikana tena kwa urahisi likiibiwa au kuvunjika, na fundi aliyezoea magitaa ya Yamaha hapotei ndani yake.

Hatua ya saba: jaribio la dukani

Nenda asubuhi, siku isiyo ya Jumamosi, ili upewe muda. Nenda na namba zako, rula, na kama inawezekana gitaa lako mwenyewe. Omba lisawazishwe kwanza, na usikubali kulijaribu likiwa limelegea, kwa sababu gitaa lililolegea huficha kasoro zote za kimo na mlio.

Anza na kodi ya F katika freti ya kwanza, kisha B ndogo katika freti ya pili, na ushikilie kila moja mpaka mkono uanze kulalamika. Mpigaji wa chuma huwa anabonyeza kwa nguvu nyingi kuliko nailoni inavyohitaji, na nguvu hiyo ya ziada huinua sauti ya uzi ikawa ya uongo, kwa hiyo punguza mkono kabla hujalilaumu gitaa. Halafu piga uzi wa tatu ukiwa wazi, kisha ukiwa umebonyezwa kwenye freti ya kumi na mbili, na ulinganishe noti hizo mbili, ambazo zinatakiwa kuwa noti ileile oktava moja juu, kwa kipima sauti cha simu. Uzi huu mnene ndio unaotoka nje ya sauti mapema kuliko mingine yote, na gitaa ambalo uzi wake wa tatu ni sahihi karibu kila mara limetengenezwa kwa umakini.

Piga freti moja moja kwenye nyuzi zote sita ukisikiliza mlio wa kuzizima au kugonga. Tazama shingo kwa jicho moja kutoka kichwani kuelekea darajani. Inatakiwa iwe na mpindo mdogo sana wa kwenda mbele, isipinde upande. Kimo cha milimita 3 hadi 3.5 upande wa besi kinafaa kwa krosova nyingi. Kikiwa chini ya hapo, mkono mzito utafanya nyuzi zigonge freti, na kikizidi milimita 4, uliza kama kijiti cha darajani kina urefu wa kutosha kusuguliwa.

Mwisho piga wimbo unaoujua kwa dakika kumi mfululizo bila kusimama. Kosa linalokusumbua dakika ya pili na kutoweka ya nane ni la mazoea. Linaloanza dakika ya nane ni la gitaa, au ni la gitaa hilo na mkono wako pamoja, na hilo halitapona.

Hatua ya nane: lililotumika, au la kuagiza

Kwa gitaa lililotumika, ukaguzi wa kwanza ni kujua kama liliwahi kufungwa nyuzi za chuma. Ingiza kona ya karatasi nyuma ya daraja. Ikiingia, gundi imeanza kuachia. Laza rula juu ya ubao wa juu nyuma ya daraja. Ubao uliovimba sana kama tumbo umebeba mvuto usio wake. Tazama pia mifereji ya kizingiti: ile ya nailoni ni mipana na ya mviringo, na mkwaruzo mwembamba na wenye kina katikati yake ni alama ya chuma. Gitaa lenye alama mbili kati ya hizi kwa pamoja liache, hata likitolewa kwa bei ya zawadi.

Anayeagiza nje ajumlishe nauli ya ndege hadi Entebbe, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18 kabla hajasema kwamba ng'ambo ni rahisi. Anayenunua Nairobi na kuvuka Busia au Malaba aweke risiti mfukoni, si ndani ya kasha lililoko kwenye buti la basi. Kuhusu mbao ngumu za jamii ya rosewood, vyombo vya muziki vilivyokamilika viliondolewa katika sharti la vibali vya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, mwishoni mwa 2019, isipokuwa rosewood ya Brazili, ambayo bado imezuiwa vikali; hakikisha muuzaji wa gitaa la zamani amekueleza ni rosewood gani.

Hatua ya tisa: miezi ya mwanzo

Gitaa hupenda unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Kampala, hasa katika mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba, huzidi kiwango hicho kwa mbali, na ubao wa juu hunyonya maji, huvimba, kimo cha nyuzi hupanda na sauti huwa nzito. Pakiti za kunyonya unyevu ndani ya kasha lililofungwa zinatosha, pamoja na kipima unyevu kidogo. Huko Moroto na Kotido wakati wa kiangazi hali hugeuka: ncha za freti hutokeza pembeni na ubao unaweza kupasuka, na hapo unachohitaji ni sponji yenye maji ndani ya kasha. Anayesafiri kati ya maeneo haya mawili alifungue kasha baada ya saa kadhaa, si mara anaposhuka. Kwenye bodaboda, kasha gumu libebwe mgongoni likiwa wima, wala si kulalia mapajani mwa abiria ambako litagonga kioo cha kila taksi.

Nyuzi mpya za nailoni huendelea kurefuka kwa siku kadhaa kabla hazijatulia, kwa hiyo zibadilishe mapema wiki moja kabla ya shughuli, wala si asubuhi yake. Unapozifunga darajani, weka kipande cha kadi nyuma ya daraja, kwa sababu uzi wa kwanza ukiteleza huchapa ubao na kuacha kovu. Kwa mtu anayetoka kwenye chuma, napendekeza aanze na seti ya mvuto wa kawaida ambayo nyuzi zake tatu za sauti ya juu ni za kaboni: ni nyembamba kuliko nailoni, zina mwangaza unaokaribia ule aliouzoea, na uzi wa tatu wa kaboni hukaa kwenye sauti vizuri zaidi. Asiyependa ukali wake atarudi kwenye nailoni kwa gharama ya seti moja tu. Kipigio, kama lazima, kiwe kinene na chenye ncha ya mviringo, maana chembamba hutoa mlio wa plastiki unaosikika kuliko noti yenyewe. Na unaponunua nyuzi, kwa kuwa hazipatikani katika kila mji, nunua seti mbili pamoja na uzi wa nne wa ziada, kwa sababu ndio mwembamba zaidi kati ya zile zilizozungushiwa shaba, na ndio unaochakaa na kukatika kabla ya mingine yote.